Viporo vya Desemba: namna ya kugawa kimya na mishemishe mwaka unapoisha

Mwaka mmoja nilifunga kompyuta saa mbili usiku wa tarehe 31 Desemba. Tangu katikati ya Novemba nilikuwa nikijiambia kwamba nikimaliza hivi vichache nitapumzika. Vichache vikazaa vingine. Asubuhi ya Januari mosi niliamka koo linawasha na viungo vinauma, na siku nne nilizokuwa nimezitenga kwa kupumzika nikazimalizia kitandani nikitazama dari. Siku ya tano nikarudi kazini nimechoka kuliko nilivyoondoka.

Baadaye nilikuja kujua kwamba jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Uholanzi, Ad Vingerhoets, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu wanaokuwa wazima siku zote za kazi, kisha wanaugua mara tu wikiendi au likizo inapoanza: kichwa, uchovu, misuli, dalili za mafua. Waliojitambua hivyo walikuwa takriban 3 kwa kila watu 100, na wengi wao walitaja mzigo mkubwa wa kazi na kushindwa kuitua akilini. Nilijiona humo kabisa.

Tangu hapo nimegeuza mpangilio. Mapumziko ya mwisho wa mwaka hayatapatikana baada ya kazi kuisha, kwa sababu kazi haiishi. Yanatengwa kwanza, halafu kazi ndiyo inayokatwa ili itoshe. Hatua zilizo hapa chini nazifuata kila mwaka kuanzia wiki ya kwanza ya Desemba. Hata ukizianza tarehe 20 zitakufaa, ila itakubidi ukate zaidi.

Hatua ya 1: Mimina kila kitu kwenye karatasi

Tenga saa moja. Tumia karatasi, maana ukishika simu utakutana na ujumbe wa mtu na saa hiyo itakuwa imekwenda. Andika kila kinachokudai: cha kazini, cha nyumbani, deni, ahadi uliyoitoa kwa mdomo, mtu uliyepaswa kumpigia tangu Agosti, bomba linalovuja. Usipange wala usichuje. Mimi hufika mistari 40 hivi, na ile ya mwishomwisho, inayotoka kwa shida, ndiyo huwa imenikaa rohoni muda mrefu.

Kazi hii ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik aliripoti kwamba watu aliowapa kazi ndogondogo walizikumbuka zaidi zile walizokatizwa kuliko zile walizozimaliza. Ndiyo maana unaweza kukaa kwenye kiti kizuri, mahali patulivu, na bado kichwa kikawa kinazunguka kama feni. Habari njema ilikuja mwaka 2011, pale E. J. Masicampo na Roy Baumeister walipoonyesha kwamba si lazima umalize jambo ndipo likuachie. Ukiliwekea mpango mahususi, wa lini na kwa namna gani, akili hulitua.

Neno ni hilo: mahususi. Kwenye karatasi yangu ya mwaka juzi niliandika "ripoti", na nikailalia na kuiamkia wiki nzima. Nilipoifuta nikaandika "Jumanne saa nne asubuhi, nampigia mhasibu anipe hesabu za Novemba, Jumatano saa tatu hadi saa sita, naandika kurasa mbili za mwanzo", ilinitoka kichwani usiku uleule. Kazi ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa ilikuwa na siku yake ya kukaa.

Hatua ya 2: Chuja kwa swali moja

Chukua karatasi yako, na mbele ya kila mstari jiulize: lisipofanyika hili hadi tarehe 10 Januari, nani ataumia, na kwa kiasi gani?

Utashangaa. Yapo yanayoumiza kweli: mshahara wa mtu, dawa za mgonjwa, hesabu ambazo sheria inataka zifungwe tarehe fulani, mkataba unaokwisha, siku za likizo zitakazopotea usipozichukua. Hayo yawekee alama. Kisha kuna kundi kubwa ambalo halimuumizi mtu yeyote. Limepata uharaka kwa sababu tu kalenda inabadilika. Kupanga upya mafaili, kupaka rangi chumba, kumaliza kozi uliyoianza Machi, kikao cha "kuwekana sawa" ambacho hakuna aliyekiomba. Hayo ni viporo. Viporo vya kazi havichachi kwa wiki mbili. Vipeleke Januari, kila kimoja na tarehe yake, usiviache vinaning'inia.

Kundi la tatu ni dogo na ndilo gumu: mambo ambayo hutayafanya kamwe, na unajua. Yakate kwa kalamu. Na kama kuna mtu anayasubiri, mwambie.

Hatua ya 3: Tia mapumziko kwenye kalenda kabla ya kazi

Sasa fungua kalenda ya Desemba ikiwa tupu. Usianze na kazi. Anza na haya matatu: siku moja nzima kila wiki isiyo na kazi, jioni mbili katika wiki ambazo hutoki wala hupokei wageni, na nusu saa ya kimya kila siku. Kisha weka likizo yenyewe, hata ikiwa siku tatu tu. Andika kwa wino.

Kuiandika mapema kuna faida nyingine. Watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Jeroen Nawijn, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kwa watu 1,530, walikuta kwamba waliokuwa wakitarajia safari ya likizo walikuwa na furaha zaidi kabla ya kuondoka kuliko wasiokuwa na safari. Waliporudi, wengi hawakuwa na tofauti na waliobaki. Walioendelea kunufaika baada ya kurudi ni wale waliosema likizo yao ilikuwa tulivu sana. Kwa hiyo likizo uliyoijaza ratiba kuanzia alfajiri hadi usiku huenda isikuachie kitu, na likizo unayoijua tarehe yake wiki tatu kabla imeshaanza kukulipa.

Ndani ya muda huo uliotenga, changanya. Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz, katika kazi yao ya mwaka 2007, walitaja mambo manne yanayomrudishia mtu nguvu baada ya kazi: kuitoa kazi akilini, kulegeza mwili, kujifunza au kufanya kitu kinachokupa changamoto, na kuwa na uamuzi juu ya muda wako mwenyewe. Angalia kwamba kulala ukitazama ukuta ni sehemu tu ya orodha hiyo. Kushona, kulima bustani, kukimbia, kujifunza ala ya muziki, yote yanahesabika. Binafsi hilo la nne ndilo ninaloliona zito kuliko yote. Siku nzima ya mapumziko uliyopangiwa na mtu mwingine dakika kwa dakika inaweza kukuchosha kuliko nusu siku uliyoipanga mwenyewe.

Hatua ya 4: Hesabu muda kwa uaminifu

Kazi zilizobaki na alama sasa zinaingia kwenye nafasi zilizobaki. Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu watamaliza tasnifu zao kwa siku ngapi. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 34. Wakaulizwa, je, mambo yote yakienda vibaya? Wakasema kama siku 49. Walichukua siku 55 na ushee.

Kwa hiyo fanya hivi: chukua makadirio yako, ongeza zaidi ya nusu. Kazi unayoiona ya siku mbili ipe siku tatu na asubuhi moja. Na Desemba kuna watu unaowategemea ambao nao wameshaanza likizo, kwa hiyo mpigie mapema yule ambaye sahihi yake unaihitaji.

Kazi zisipotosha kwenye nafasi zilizobaki, rudi hatua ya 2, ukachuje tena. Usirudi hatua ya 3. Ukianza kuiba kwenye siku za mapumziko, hata nusu siku tu, mlango umeshafunguka.

Hatua ya 5: Kataa kwa maneno uliyoyaandaa

Kukataa papo kwa papo ni kugumu, hasa mtu anapokuja na tabasamu. Andaa maneno yako ukiwa umetulia, uyaweke mahali. Haya ni ninayoyatumia mimi.

Kwa mkuu wa kazi anayeleta jambo jipya tarehe 15: "Mkuu, nimelipokea. Hadi tarehe 22 nina A na B ambavyo tulikubaliana viishe mwaka huu. Hili nikiliingiza sasa, B itasogea Januari. Tukisogeze kipi?" Hujakataa. Umemwonyesha ukubwa wa sahani, na yeye ndiye anayechagua.

Kwa ndugu mkubwa anayetaka mkutane: "Shikamoo mjomba. Nina hamu ya kuwaona. Jumamosi hii sitaweza kufika, mwili unahitaji kutulia. Jumapili ya wiki ijayo nitakuja kuanzia saa nane mpaka jioni, nikae nanyi vizuri." Mpe siku, mpe saa, na ukifika kaa kweli, simu ikiwa mfukoni. Mjomba atakumbuka saa nne ulizokaa naye kwa moyo kuliko dakika ishirini ulizopita ukiwa umesimama na funguo mkononi.

Kwa rafiki, usizunguke: "Mwaka huu nimejipangia jioni mbili za kukaa kimya kila wiki, na leo ni mojawapo. Tuonane Alhamisi?"

Usieleze sana. Kila sababu unayoongeza inakuwa kitu cha kujadiliwa. Na usidanganye kwamba unaumwa. Utalazimika kuutunza uongo huo kwa siku kadhaa, na hiyo nayo ni kazi.

Hatua ya 6: Shuka taratibu

Gari lililo kwenye kasi halisimami ghafla bila kuwarusha abiria. Mwili nao ndivyo ulivyo. Nilikosea mwaka ule kwa kukimbia hadi dakika ya mwisho. Siku mbili kabla ya likizo usianze jambo jipya lolote. Siku ya mwisho isiwe na kikao. Saa mbili za mwisho ziwe za makabidhiano: nani atashika nini, ufunguo uko wapi, jambo gani litakalofanya upigiwe simu na jambo gani lisubiri. Weka ujumbe wa kujijibu wenyewe kwenye barua pepe, utaje tarehe ya kurudi na jina la anayekushikia. Ongeza siku moja kwenye tarehe hiyo kuliko ile unayorudi kweli, upate siku ya kusoma yaliyojikusanya bila kusukumwa.

Kisha jiandikie barua fupi. Mimi huandika nusu ukurasa: nimeishia hapa, kinachofuata ni hiki, faili liko hapa, Januari anza na simu ya fulani. Naiweka juu ya kibodi. Nikiondoka hapo, mabega yanashuka yenyewe. Katika hatua zote hizi, ningeruhusiwa kubaki na moja, ningebaki na hii.

Hatua ya 7: Jifunze kukaa kimya

Wengi tunasema tunatamani utulivu, na tukiupata tunaukimbia baada ya dakika tano. Si udhaifu wako. Mwaka 2014 Timothy Wilson na wenzake walichapisha katika jarida la Science majaribio ambayo watu waliachwa peke yao chumbani na mawazo yao tu. Katika jaribio moja la dakika 15, palikuwa na kitufe cha kujipiga shoti ndogo ya umeme. Wanaume 12 kati ya 18 na wanawake 6 kati ya 24 walikibonyeza angalau mara moja, ingawa hapo mwanzo walikuwa wamesema wangelipa pesa wasipigwe shoti hiyo.

Kwa hiyo anza kidogo. Mimi hukaa kwenye stuli nyuma ya mlango wa uani, alfajiri, kabla wengine hawajaamka. Simu inabaki chumba kingine. Dakika tano za mwanzo ni za vurugu: orodha, majuto, mtu aliyenijibu vibaya. Mkono unaitafuta simu mfukoni ambamo haimo. Naviacha vipite. Karibu dakika ya kumi naanza kusikia vitu vilivyokuwepo muda wote: tone la maji kwenye beseni, ndege mmoja anayerudia sauti ileile, pumzi yangu yenyewe. Kufikia dakika ya ishirini mara nyingi jambo lililonishinda wiki nzima linajitokeza likiwa limenyooka. Siku nyingine halijitokezi lolote, nainuka tu nikiwa na mwili mwepesi, na hilo linatosha.

Ukishindwa kukaa, tembea. Bila kitu masikioni, bila kuhesabu hatua.

Usingizi nao ni sehemu ya kimya. Mtu mzima anahitaji walau saa 7 kwa usiku. Mwisho wa mwaka tunaiba usiku, kisha tunajaribu kulipa kwa kulala hadi saa sita mchana, na matokeo yake usiku unaofuata usingizi hauji. Jitahidi kuamka saa ileile au karibu nayo hata siku za likizo. Kama umechoka, jilaze mchana kwa dakika 20 hivi. Na kumbuka kwamba kafeini huchukua kama saa 5 ndipo nusu yake itoke mwilini, hivyo nusu ya kafeini ya kikombe cha saa kumi na moja jioni bado unayo saa nne usiku.

Nyumba ikiwa imejaa watu

Hili sikulipa namba kwa sababu halina hatua moja, ila nina uchungu nalo. Katika nyumba nyingi mwisho wa mwaka wote wanapumzika isipokuwa mtu mmoja au wawili. Hao ndio wanaopika, wanaofua mashuka ya wageni, wanaokumbuka nani hali nini, wanaolala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Mara nyingi ni mama, au binti mkubwa, au dada wa kazi. Kwao likizo ni zamu ndefu kuliko za mwaka mzima, na hakuna anayeihesabu.

Ukae chini na watu wako kabla wageni hawajafika. Andikeni kazi zote za nyumbani za siku hizo, hata zile zisizoonekana, kama kununua gesi kabla haijaisha au kumbembeleza mtoto asiyezoea kitanda kigeni. Zigaweni kwa majina. Kisha kila mtu mzima apate saa mbili kila siku ambazo haitwi. Haitwi maana yake haulizwi hata "chumvi iko wapi". Akitaka kulala alale, akitaka kutoka atoke, asiulizwe alikwenda wapi. Watoto wanaelewa haraka kuliko tunavyodhani. Mwonyeshe saa ya ukutani, mwambie mshale ukifika hapa shangazi atatoka.

Na ikiwa wewe ndiye ambaye hukaa tu huku wengine wakihangaika, usisubiri kugawiwa. Inuka.

Kwa walio zamu, na kwa wanaoogopa kimya

Wauguzi, madereva, walinzi, wahudumu wa hoteli: kwenu kilele cha mwaka ndicho kilele cha kazi. Msijaribu kubana likizo ndani ya wiki hiyo. Chagueni siku zenu katikati ya Januari, muziandike kama wengine wanavyoandika za Desemba, na familia ijue kwamba sherehe yenu iko tarehe hiyo. Katika siku za zamu, linda vitu viwili tu: usingizi baada ya zamu, na nusu saa ya kutulia kabla ya kuingia nyumbani kwenye kelele. Na mwajiri akikusukuma wiki baada ya wiki kupita kiasi, si jambo la kuvumilia kimyakimya. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani, katika makadirio yao ya mwaka 2021, walihusisha kazi za saa 55 au zaidi kwa wiki na vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo katika mwaka 2016 pekee.

Halafu kuna aliyefiwa mwaka huu, au aliyeachwa, au ambaye nyumba yake imebaki na mtu mmoja. Kwako kimya kinaweza kuwa kizito. Wala hulazimiki kukifuata kwa sababu wengine wanakisifia. Jipe shughuli ya mikono karibu na watu wengine, hata kama ni kumenya na kuosha vyombo kwa jirani, na kimya kiwe cha dakika chache ukiwa na mtu unayemwamini kando yako. Huzuni ikizidi hadi huli wala hulali, au unaona maisha hayana maana, tafuta mhudumu wa afya sasa, usingoje mwaka ugeuke.

Hatua ya 8: Rudi kama ulivyoshuka

Siku ya kwanza ya kazi usiweke kikao asubuhi. Soma ile barua uliyojiandikia. Barua pepe zisome kuanzia za karibuni kwenda nyuma, maana nyingi za mwanzo zitakuwa zimeshajitatua. Toa ile karatasi ya viporo na upitie tarehe ulizoziweka; baadhi utaona hazina tena haja, zifute.

Ile nusu saa ya alfajiri iendelee. Mwaka jana niliiacha tarehe 6 Januari kwa sababu ya kazi iliyodaiwa saa tatu asubuhi, na ilinichukua hadi Machi kuirudia. Mwaka huu stuli sitairudisha ndani.